Bunduki Nyepesi ya Veit na Kamba Ambayo Baba Hakuiachia

Ferlach, 11 Januari 1998

Mdogo wangu Veit,

Baba tulimpoteza Jumamosi tarehe 18 Oktoba, mchana kweupe, kwenye korongo la mawe chini ya kilele, akiwa na kamba mkononi na mbuzi-mwitu kwenye ncha ya pili ya kamba. Mlikuwa wawili huko juu. Wewe ulirudi. Ninachokijua kinaishia hapo, na hata hicho nimekipata kwa polisi, si kwako.

Sasa salamu. Mimi ni mzima. Karakana ina kazi mpaka Pasaka, wateja wawili Wajerumani na mmoja Mwitaliano asiyejua anachotaka. Mwanangu Annelies na mumewe wametulia Klagenfurt. Anakusalimu, anauliza kama wewe, baba yake wa ubatizo, umesahau kuandika. Mwambie Mama unga wa mkate wake umefika salama, ila kipande cha nyama ya kukaushwa aliyefunga amekipunguza njiani, na nadhani namjua.

Mama amenipigia simu akanong'ona kana kwamba ananiambia una mwanamke: unataka bunduki nyepesi. Vizuri. Nachonga vitako vya bunduki tangu nikiwa na miaka kumi na tano, tangu Baba aliposema mlimani hapana nafasi ya msichana akanifungia begi. Katika vitako vyote hivyo, hakuna hata kimoja alichokubali kukibeba. Mara tatu nilimpelekea bunduki ya risasi moja, ya kukunjika, chini ya kilo mbili na nusu. Mara tatu akasema ya baba yake inatosha. Ile na darubini yake ni kilo nne na gramu mia mbili, nimeipima mwenyewe. Mzee wa miaka sabini na moja.

Niletee vipimo: kutoka kwenye mkunjo wa kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia, upana wa kiganja, mzunguko wa mkono ukiwa umekamata fimbo. Niambie uzito unaoutaka na risasi unayoitaka. Bila vipimo nitakuchongea kitako cha mtu mwingine.

Na lile jingine. Uliwaambia polisi neno moja: "Hakuachia." Sasa bonde zima linasema Ambros Guggenberger alikufa kwa uchoyo, aliona afadhali afe kuliko kuachia nyama. Nilikuwa na ugomvi wangu naye, lakini mchoyo hakuwa. Ilikuwaje, Veit?

Dada yako,
Hiltrud

*

Nyumbani, 26 Februari 1998

Dada Hiltrud,

Salamu. Mama mzima, anakohoa kidogo asubuhi. Theluji imefika dirisha la zizi. Ng'ombe mmoja amezaa ndama dume, mwingine bado anafikiria. Nyama aliyeipunguza ni mimi. Ilikuwa nzuri.

Barua yako ilikaa. Barabara ilifungwa na poromoko la theluji, halafu ilifunguliwa, halafu nikawa sijaandika.

Bunduki. Ya kukunjika, risasi moja, kama ulivyosema. Kilo mbili na gramu mia nne zinanitosha. Risasi 7x65R, maana nina kulungu pia, si mbuzi-mwitu tu. Kifyatulio kile cha zamani cha kutega, unachokisukuma mbele kwanza kisha ukigusa tu inalia. Usiniwekee ile sukumio mpya ya kukaza springi kwa kidole gumba, iliyo juu ya shingo ya kitako. Naijua. Jirani anayo, kuisukuma ni kama kufungua pipa la siki.

Kishikio kiwe kinene. Siyo cha kukamata, cha kuegemeza mkono. Ule mkanda wa begani uwe mpana.

Vipimo nitaleta. Kiganja changu si umewahi kukiona, hakijakua.

Uliyouliza nilishawaambia polisi. Watu mgahawani wana midomo, nayo lazima waitumie. Gotthard wa kikundi cha wawindaji ameniuliza kama jeneza la Baba lilikuwa na nafasi ya pembe. Nimenywa bia yangu nikaondoka.

Heri ya mawindo, ingawa msimu umefungwa.
Veit

*

Ferlach, 5 Aprili 1998

Veit mdogo wangu,

Naanza na habari njema ili usiseme dada yako anajua kulalamika tu. Annelies ni mjamzito. Anatarajia Novemba. Nimempikia zile tambi nene zilizojazwa jibini na mnanaa kama za Mama, akala sita, akazitoa zote, akala nyingine nne. Mumewe ameanza kuchonga kitanda cha mtoto. Nimeangalia viungo vya mbao nikanyamaza, maana nataka amani.

Afya yangu si mbaya. Macho ni mazuri tangu operesheni ile ya mtoto wa jicho. Daktari alishangaa, alisema ni mapema mno kwa mwanamke wa umri wangu. Nilimwambia ni vumbi la mbao.

Sasa nisikilize kama mteja. Umeomba vitu viwili vinavyogombana. 7x65R inasukuma kichwa cha gramu kumi na nusu kwa kasi ya mita mia nane na hamsini kwa sekunde. Ukiipiga kwenye bunduki ya kilo mbili na gramu mia nne, darubini ikiongeza mia nne, utapigwa teke utakaloota. Kila gramu unayoitoa kwenye bunduki, bega ndilo linaloilipia. Baba alilijua hilo, ndiyo maana alipenda chuma chake, na hapo tu nitamtetea. Wateja wangu wengi hawanielewi mpaka wapate alama ya darubini juu ya jicho.

Chukua 6.5x57R. Kichwa cha gramu nane, teke linapungua kwa zaidi ya theluthi, na mbuzi-mwitu wa mita mia mbili hatajua tofauti. Kulungu mwachie Gotthard.

Kuhusu sukumio ya kidole gumba, nakataa. Kwenye bunduki ya kutega, ukiteleza kabla hujaitegua, inalia yenyewe. Kwenye yangu risasi hailipuki mpaka kidole gumba kiseme. Wewe ni mwanaume wa miaka arobaini na nne, unakamua ng'ombe kwa mikono. Tangu lini kidole gumba chako kinaogopa springi?

Na kishikio kinene cha kuegemeza. Hivyo wanaagiza wazee wenye baridi yabisi. Veit, una baridi yabisi? Bado sina vipimo vyako. Nimeandika mara moja, naandika ya pili, na umeleta habari za ng'ombe tu.

Kuhusu Baba umenijibu kwa bia. Nauliza tena. Kamba ilikuwa imezungushwa kwenye kifundo cha mkono? Alitufundisha mwenyewe: kamba ya mbuzi inakamatwa, haizungushwi, ili mnyama akiteleza umwachie aende zake. Mimi msichana niliyekatazwa mlima nalijua hilo. Mtu aliyelifundisha bonde zima alisahau?

Hiltrud

*

Nyumbani, 2 Mei 1998

Dada Hiltrud,

Furaha imeingia nyumba hii. Mama amelia, kisha ametoa sufu yote kwenye kabati. Mpongeze Annelies kutoka kwangu. Mwambie ale, alale, na avae glavu asubuhi, asishike vitu baridi kwa mikono mitupu. Na asibebe ndoo.

Huku theluji imebaki kwenye vivuli tu. Nimerekebisha ua wa juu, imenichukua muda. Yule ng'ombe aliyekuwa anafikiria, amefikiria vibaya, tumempoteza ndama.

Nimekusikia kuhusu risasi. Hata 6.5 naona ni nyingi. Weka ile ndogo ya 5.6x50R. Najua utasema nini. Nitakuwa nasogea karibu zaidi. Uzito ukiweza kushuka chini ya kilo mbili, shusha. Toboa kitako ndani, fupisha mtutu, sitajali sura.

Sukumio sitaki. Usinilazimishe, Hiltrud. Kila mtu na mkono wake.

Kamba haikuzungushwa.

Vipimo: kiwiko mpaka kidole sentimita thelathini na sita. Kiganja tisa. Ule wa kukamata fimbo sijaupima.

Veit

*

Ferlach, 12 Mei 1998

Veit,

Mama awe mzima, nawe pia. Nimemaliza salamu.

Jumatano iliyopita nilimsindikiza Annelies kwa daktari wa hospitali, kipimo cha kawaida. Kila kitu kizuri, moyo wa mtoto unapiga kama cherehani. Mwisho daktari, mwanamke wa makamo, alisimama akampa mkono wa kwaheri. Annelies akaukamata. Daktari akataka kuutoa, akashindwa. Akautazama ule mkono. Annelies akacheka akasema, "Samahani daktari, mkono wangu huwa hivi kukiwa na baridi, unakawia." Daktari hakucheka. Aliketi tena. Akamwambia, "Kamata vidole vyangu viwili kwa nguvu. Sasa achia haraka." Veit, nilimwona mwanangu akiamuru vidole vyake vifunguke, navyo vikafunguka kimoja kimoja, polepole, kama ua.

Kisha daktari akanigeukia akaniambia nifanye vile vile. Wangu ulikawia kidogo tu, lakini ulikawia. Aliniuliza kuhusu macho. Nilimwambia vumbi la mbao. Akaandika kitu.

Kuna ugonjwa wa misuli unaotembea katika damu. Mkono unakamata lakini hauachii upesi, baridi ikizidi nao unazidi. Taratibu nguvu zinapungua, kuanzia vidoleni, na macho huweza kupata mtoto wa jicho mapema. Babu anaweza kuwa nao akaishi uzee wake bila kujua. Mtoto wake unamshika mapema zaidi. Mjukuu mapema zaidi tena. Na mtoto mchanga, akiupata kutoka kwa mama, anaweza kuzaliwa mlegevu, asiweze kunyonya, asiweze hata kuvuta pumzi bila mashine. Anaweza. Siyo lazima. Lazima ijulikane.

Damu yetu imetumwa maabara, majibu yatachukua wiki nyingi kuliko tulizo nazo. Kuna kipimo kingine, cha maji ya tumboni kwa sindano, kinafanywa wiki ya kwanza ya Juni, la sivyo muda wake unapita. Kina hatari yake, ndogo. Annelies hataki. Anasema hatamchoma mtoto wake sindano kwa sababu daktari alishikwa mkono kwa sekunde mbili zaidi. Nilimtajia babu yake. Alinijibu, "Mama, watu wote wanasema babu hakutaka kuachia. Aliyekuwepo ni mmoja, naye ni baba yangu wa ubatizo. Akiniambia yeye kwamba babu alishindwa, nitakwenda. Wewe hukuwepo."

Ni kweli, sikuwepo. Nilikuwa karakana, mahali nilipopangiwa.

Basi nimechukua barua zako nikazisoma kama ninavyosoma maagizo ya mteja. Februari hadi Mei umetoka kilo mbili na gramu mia nne hadi chini ya mbili. Umetoka kichwa cha gramu kumi na nusu hadi cha gramu nne. Hutaki springi ya kidole gumba. Hutaki kishikio cha kukamata. Hutaki kupima mkono wako ukikamata fimbo. Hiyo bunduki si ya kupunguza uzito wa safari. Ni bunduki ya mtu ambaye mikono inamtoka.

Sisi watu wa bunduki tuna jina la kila ubovu wa mkono. Mwindaji anauita baridi. Fundi anauita kazi. Asubuhi za Januari mkono wangu hubaki kwenye patasi kana kwamba umegandishwa kwa gundi, na miaka yote nimejiambia ni kazi, hata mwanafunzi wangu nilimwambia atazoea. Tumejivunia. Baba alipokuwa anakawia kuachia glasi mezani tulisema mzee anapenda divai yake. Unakumbuka? Tulicheka.

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwetu kifo kilishamuumbua mmoja, akaumbuka kwa jina lisilo lake.

Nieleze yaliyotokea korongoni. Na unieleze mikono yako ikoje.

Hiltrud

*

Nyumbani, 24 Mei 1998

Dada,

Mama mzima. Nyasi ni nzuri mwaka huu.

Bunduki iache. Msimu huu sitaihitaji. Mtutu unaweza kumuuzia Mwitaliano.

Umeandika mengi. Nimeisoma zizini ili Mama asinione. Nitakuambia ninachoweza. Ilikuwa baridi, upepo wa kaskazini. Alipiga vizuri, mita mia na arobaini, mbuzi alianguka papo hapo. Tukamwekea tawi la heshima mdomoni, Baba akavua kofia kama kawaida. Mimi nilitangulia kushuka kutafuta njia, yeye nyuma na kamba. Mbuzi akateleza kwenye barafu. Nikageuka nikasema, "Baba, achia." Nikasema tena kwa sauti. Alikuwa anavutwa akiwa amekaa, miguu mbele, taratibu mwanzoni, kama mtoto kwenye kigari cha theluji. Angeweza kuachia. Kulikuwa na muda. Alinitazama, kisha akautazama mkono wake.

Hapo naishia.

Ukisema kuhusu mikono yangu mbele za watu, wataniondolea leseni ya bunduki na kikundi kitampa mwingine sehemu yangu ya mlima. Gotthard anaingoja. Nikishuka mlimani ni nani mimi? Mkamua ng'ombe, na hao nao sasa nawakamua kwa mashine. Annelies mwambie ninampenda. Usimtumie mtoto wake kunifungua mdomo.

Veit

*

Ferlach, 27 Mei 1998

Mdogo wangu Veit,

Msalimie Mama. Barua yako imefika leo asubuhi, nami nakujibu kabla sijavua aproni.

Mtutu sitamuuzia mtu. Bunduki yako imekwisha, imebaki mafuta ya mwisho kwenye mbao. Ni 6.5x57R, si ile ndogo. Sitampa mtu wa familia yangu risasi ya kumjeruhi mnyama halafu amfuate kwenye mawe. Kitako ni mbao ya mjozi yenye mishipa myeusi, nimekitoboa ndani. Bila darubini ni kilo mbili na gramu arobaini. Hizo arobaini nimeshindwa kuzitoa bila kukudanganya. Sukumio haipo. Nimelala siku tatu na swali hilo, kisha nikakuwekea kifyatulio cha zamani na kifungio cha ubavuni kinachosukumwa kwa kiganja kizima, si kwa kidole. Nimekijaribu kwa mkono wangu asubuhi yenye ubaridi, mkono wangu ule ule unaokawia. Kinafanya kazi. Mwaka huu au mwaka kesho, kama daktari atasema unaweza kupanda na mtu mwingine akashika kamba, mtu huyo ni mimi. Nimesubiri mlima huo tangu nifungiwe begi. Kama atasema huwezi, itaning'inia ukutani kwako na Gotthard ataitazama kwa wivu.

Sikutishi kwa bunduki. Ni yako, ukijibu au usijibu.

Unasema nimemtumia mtoto kukufungua mdomo. Nimemtumia, na nitamtumia tena. Huna kitu kingine ambacho kingekufungua, nimejaribu bia, nimejaribu matusi, nimejaribu Baba. Unalinda sehemu ya mlima. Naielewa, kuliko unavyodhani. Mimi nilinyimwa mlima kwa sababu ya nilivyozaliwa, najua kunavyouma. Lakini umeulipia kwa jina la mzee, tangu Oktoba, kila jioni mgahawani, na sasa unaletewa hesabu nyingine ambayo si ya kwako kulipa. Ni ya mtu ambaye bado hana hata kucha.

Umeandika kwamba alikutazama, kisha akautazama mkono wake. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupokea. Mtu mchoyo hautazami mkono wake, Veit. Anatazama nyama. Mimi nimeshajua. Lakini kujua kwangu ni kwa kukisia, na Annelies ameshaniambia makisio yangu hayatoshi. Kinachotosha ni mdomo wa aliyekuwepo.

Na unajua kwa nini unaishia pale, nami najua. Ulisema "achia" ukiwa umeshajua kwamba hawezi, kwa sababu mkono wako ulikuwa umeshaanza. Ukabaki umesimama. Ni mita ngapi? Kumi? Kwenye barafu, na mikono kama yako? Ungemshika kwa kitu gani? Mngekuwa wawili chini na Mama angekuwa peke yake na ng'ombe. Sikulaumu hata kidogo. Lakini kwa sababu huwezi kujisamehe jambo ambalo hukutenda, umeliacha bonde limlaumu yeye kwa jambo ambalo hakutenda.

Sihitaji habari ya korongo tena. Ibaki nawe mpaka utakapotaka. Ninahitaji neno moja. Annelies ana miadi ya sindano Jumatano tarehe 3 Juni, saa mbili asubuhi. Jumatatu ni sikukuu na posta imefungwa, kwa hiyo usiniandikie. Piga karakana kwa simu ya Mama. Nitakuwa karakana siku nzima ya Jumanne, Annelies atakuwa amekaa karibu yangu, na sitainua simu mimi, atainua yeye. Hatakuuliza kuhusu mikono yako kama hutaki. Atakuuliza hivi, na ninakuandikia ili usiseme umeshtukizwa:

Baba wa ubatizo, siku ile babu alikataa kuachia, au mkono wake ulikataa?

Jumanne, tarehe 2 Juni, kabla ya saa sita mchana. Alikataa, au ulikataa. Ukinyamaza, atachukua ukimya wako kuwa "alikataa", na hatakwenda.

Hiltrud